Wimbo wa Kwanza Haukunaswa

Kabla mtu hajafungua mdomo jukwaani, Mama Kimya alitaka kwanza kusikia makofi. Alisimama katikati ya ukumbi, akapiga makofi matatu, akainamisha shingo kusikiliza yanavyorudi kutoka ukutani. Kisha akaenda kukiweka kinasa sauti chake, kidogo kama kipande cha sabuni, mahali ambapo masikio yake yalimwelekeza. Halafu akamgeukia mpiga ngoma.

"Piga kama umegombana na mkeo."

"Sijagombana naye, mama."

"Basi mkumbuke mama mkwe."

Hapo ndipo jamaa akapiga kweli, naye Mama Kimya akapunguza sauti kwa kidole gumba mpaka taa za kinasa zikaacha kuwaka nyekundu. Aliwajua wanamuziki. Kwenye mazoezi wanapiga kama wanabembeleza mtoto, watu wakijaa wanapiga kama wanabomoa nyumba, na sauti ikishapasuka ndani ya mashine hakuna fundi wa kuiziba.

Kazi hiyo hakufundishwa na mtu. Shule aliiona kwa nje tu, akipita na ndoo. Maandishi ya kwenye vitufe hakuyajua, alivijua vitufe vyenyewe kwa kuvipapasa. Kifaa aliletewa na dada yake, mwimbaji wa bendi, alipotoka safarini.

"Mdogo wangu, wewe una masikio kuliko watu wote wa nyumba yetu," dada alimwambia. "Chukua."

Miaka kumi na miwili, kila alichoimba dada kwenye ukumbi ule, yeye ndiye aliyekinasa. Jina la Mama Kimya alilipata hapo hapo, kwa vile alivyokuwa akisimama mbele ya watu mia tatu, wengine wanene wa vyeo, na kuwaambia, "Kimya!" Wakanyamaza.

Mumewe alikuwa mpanga viti wa ukumbi huo. Mama Kimya akamfundisha. "Ukibonyeza mara moja, taa inakonyeza. Hapo inasikiliza tu, haichukui kitu. Bonyeza tena, taa itulie, ndiyo imeshika. Ikikukonyeza inakudanganya, kama nyinyi wanaume." Mume alicheka sana. Akajifunza. Alijifunza kazi kuliko alivyojifunza kumpenda aliyemfundisha.

Na kwa kuwa Mama Kimya hajui kuandika, kila alipomaliza kurekodi alimpelekea mumewe ile karatasi ya kubandika juu ya kasha la rekodi. "Niandikie jina langu hapo, aliyerekodi." Mume anaandika, anapuliza wino ukauke, anamrudishia. Siku walipoachana, wakubwa wa pande zote mbili wakakaa sebuleni kugawa vitu, shemeji yake, ndugu wa mume, akachukua makasha na kuyasoma kwa sauti, moja baada ya moja. Yote yalikuwa na jina la mume. Miaka kumi na miwili.

"Sasa kama kinasa sauti ni chako," shemeji aliuliza, "mbona jina lako halipo popote?"

Mama Kimya alitazama yale makasha. Kinasa sauti kikaenda na mume. Na kazi ya ukumbi ikaenda naye. Watu wakaanza kumwita mume huyo Fundi.

Mwaka wa tatu baada ya hapo, dada akaota uvimbe kooni. Daktari alimwambia ukweli bila kuuzungusha: uhai utaokolewa, sauti hapana. Upasuaji ungekuwa Jumanne. Jumapili mchana bendi ikaandaa maonyesho ya kumuaga.

"Nimewaomba wakuweke wewe," dada alimwambia, sauti tayari inakwaruza. "Wamesema wana fundi wao. Usinichukie."

"Wewe nikuchukie kwa lipi? Nitakuja nikae tu, kama watu."

Akakaa mstari wa tatu, katikati, amebanwa na wanawake wawili wenye mikoba mikubwa. Fundi aliingia na shati jeupe lililopigwa pasi likapigika. Hakupiga makofi kusikiliza ukuta. Hakumwambia mpiga ngoma neno. Alikiweka kinasa sauti mezani mbele ya jukwaa, akabonyeza, na pale pale mshereheshaji akamwita asimame apongezwe. Fundi akainama kushoto, akainama kulia, akaenda kuegemea mlango na mikono kifuani.

Mezani, taa ilikuwa inakonyeza.

Mama Kimya aliiona. Akainuka nusu. Akakaa.

Bendi ilikuwa na desturi yake: wimbo wa kwanza siku zote ni ule wa kukaribisha wageni. Ule yeye mwenyewe alishaunasa mara zisizohesabika, umejaa kwenye simu za watu. Ukipotea leo, nani atakosa kitu? Lakini Fundi ataaibika mbele ya wote waliompigia makofi. Wakati wa vifijo Mama Kimya atakwenda kubonyeza mwenyewe, watu wote wakimwona. Wimbo mmoja tu. Kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu akajisikia anatabasamu.

Dada akashika kipaza sauti.

"Leo sianzi na ule mliouzoea. Naanza na wa mama yetu, aliokuwa akiimba anapofua. Sijawahi kuuimba mbele za watu. Mdogo wangu yuko hapo, anaujua."

Wapiga vyombo wakashusha mikono. Dada akaanza peke yake.

Mama Kimya akasimama.

"Kaa chini, wewe!" mtu akamfokea nyuma.

"Nipisheni."

"Shangazi, huoni watu wanasikiliza?"

"Nipisheni, jamani!" Mguu ukanasa kwenye mkanda wa mkoba, kiti kikaanguka kwa kishindo, na ukumbi mzima ukamzomea yeye, aliyezoea kuwanyamazisha. Wimbo ule una beti nne. Alipofika mezani, wa tatu ulikuwa unakatika. Fundi alishamfikia, amemshika kiwiko.

"Usiguse! Utaharibu!"

"Inakonyeza," Mama Kimya alimwambia.

Fundi akaangalia. Mkono wake ukalegea. Mama Kimya akabonyeza, taa ikatulia, na mashine ikapata ubeti wa nne, ule mfupi kuliko yote.

Nyimbo nyingine zote zilinaswa vizuri. Baadaye Fundi aliwaambia watu kwamba mtalaka wake ndiye aliyechezea kifaa kwa wivu, na watu waliamini, maana si walimwona kwa macho yao? Mama Kimya hakubisha. Angebisha nini, na alijua alipokuwa amekaa taa ikikonyeza?

Siku ya tano baada ya upasuaji alikwenda hospitali na nakala ndani ya simu. Dada alikuwa na bendeji nene shingoni. Akavaa visikilizio, akasikiliza, akakunja uso, akazungusha kidole hewani: mwanzo uko wapi?

"Haupo, dada. Niliiona taa mapema, kabla hujaanza. Niliiacha makusudi. Nilitaka aaibike."

Dada akavua visikilizio, akaviweka juu ya blanketi, akageukia ukutani.

Mama Kimya alirudi kesho yake, na siku iliyofuata, na zilizofuata. Alimwosha, alimbadilishia shuka, alimsagia chakula kikawa maji. Hakuna aliyemtazama mwenzake usoni. Siku ya tisa dada alimvuta mkono wa gauni, akagusa sikio lake mwenyewe. Mama Kimya akamletea simu. Dada akavaa kisikilizio kimoja, kile kingine akampa yeye.

Kwanza ilikuwa pumzi ya Fundi, karibu mno na mashine. Kisha sauti ya dada, yenye mkwaruzo lakini nzima, ikamwimbia mama yao ubeti mmoja. Hayo tu.

Machozi ya dada yalikuwa yanaingia kwenye mto. Hakumsamehe siku hiyo, na mdogo wake hakuthubutu kuomba. Ubeti ulipoisha, dada alinyoosha kidole mwenyewe, akaurudisha mwanzo.