Chumvi ya Senene

Harufu ya senene, panzi wa msimu, wanaokaangwa hunirudisha jikoni kwa bibi, kijijini Nyaishozi. Alishinda akiwanyonyoa mbawa hadi vidole vikawa kijani. Ila mila ilimkataza mwanamke kula senene, kwa hiyo chumvi niliionja mimi, mtoto.

"Imekolea?"

"Imekolea, bibi."

Akainama karibu na mdomo wangu. "Wana ladha gani?"

Nilitafuta neno, sikulipata. Babu akaita, bibi akampelekea sahani, akapiga magoti.

Leo mume wangu ananitania: "Nyie mafeministi mnataka kutunyang'anya sahani."

Sahani ya babu hakuna aliyeitaka. Bibi alitaka kuonja tu.

Napakua senene sahani mbili, ya mume wangu na yangu. Ninapotafuna nasikia pumzi ya bibi shavuni, bado anasubiri nimwambie.