Bendera ya Haraka ya Lindsay Trewin

Kila mji mdogo huku kwenye mashamba ya ngano una mtu mmoja ambaye neno lake halijadiliwi, na Tullabeal mtu huyo alikuwa Lindsay Trewin. Hakuwa tajiri. Alikuwa na kondoo, shamba lililowazeesha babu yake na baba yake kabla ya kumzeesha yeye, na goti la kushoto lililovunjika akiwa beki wa mwisho wa timu yetu, enzi hizo bado ana nywele. Goti lilipomtoa uwanjani hakwenda mbali. Alisogea nyuma ya milingoti, akavaa koti jeupe la mwamuzi wa goli, akasimama pale kila Jumamosi ya majira ya baridi kwa zaidi ya miaka ishirini.

Kwa asiyeujua mchezo wetu, mpira wenyewe una umbo la yai, na kila upande wa uwanja una milingoti minne. Ukipigwa kwa mguu ukapita kati ya miwili mirefu bila kuguswa na mtu, ni goli, pointi sita, na mwamuzi wa goli anapeperusha bendera mbili. Ukipita pembeni, au ukiguswa na beki hata kwa ncha ya ukucha, ni pointi moja na bendera moja. Baada ya pointi moja beki huuanzisha mpira kutoka golini kwake, ila miaka ile, kabla sheria haijabadilishwa, hakuruhusiwa kuupiga mpaka bendera imeshapeperushwa. Mengine si ya lazima. Ligi za vijijini hazina uwezo wa kukodi waamuzi wa goli, kwa hiyo kila klabu huleta wake, mmoja huku, mwenzake kule. Timu zinabadilishana pande kila robo, wao wanabaki palepale. Yaani mtu anahukumu goli la mwanawe wa kumzaa, na hakuna anayeguna, ilimradi mtu mwenyewe ni Lindsay.

Burrandook, mji jirani ambao tumechukiana nao tangu reli ilipojengwa, ulikuwa na Ossie Noske, mwamuzi wao wa goli, mzee mnene mwenye sauti ya kengele. Timu zao na zetu zilipokutana, Lindsay na Ossie walitazamana kutoka ncha mbili za uwanja. Mmoja akipeperusha bendera, mwenzake lazima ajibu kwa bendera zilezile, ndiyo kanuni. Kutoka umbali ule huoni kilichotokea. Unamwamini mwenzako, unapeperusha.

Mwaka ule klabu ilimleta kocha kutoka mjini, Garth Menzel, kijana wa maneno mengi aliyevaa miwani ya jua hata mvua ikinyesha. Ulikuwa mwaka wetu wa mwisho. Watu walikuwa wameisha Tullabeal, shule ilikuwa na watoto wa kuhesabika, na ilishaamuliwa kwamba msimu ukiisha tutaunganishwa na Burrandook, klabu moja, jezi moja, jina la kubandika. Kwa hiyo tulitaka kombe moja kabla ya kuzikwa. Ugonjwa wetu kila mtu aliujua, nao ni mpira wa kuanzisha. Rohan Trewin, mtoto wa Lindsay, beki wa mwisho kama baba yake, aliupiga mrefu kushoto kila mara, kwa sababu babu zetu waliupiga mrefu kushoto. Wapinzani waliusubiri pale wamekunja mikono, wakaudaka, wakaturudishia goli.

Menzel alipanga chupa za bia juu ya meza ya baa na kuwaonyesha wachezaji. Wawili wakimbilie kulia, wawili kushoto, katikati pabaki wazi, na Rohan apige pale pasipo na mtu wao, kabla hawajajipanga. Walifanya mazoezi kila Jumanne na Alhamisi mpaka mbwa wa uwanjani wakaijua njia. Jumamosi ikifika, mbinu haifanyi kazi. Rohan ameshika mpira, wenzake wamekimbia, na Lindsay kule nyuma anatazama, anafikiri, anainua kidole, anasogea katikati ya mstari, anachomoa bendera, anaipeperusha kama padri anayebariki. Mpaka amalize, wapinzani wameshajipanga wote.

Menzel alimfuata mbele ya watu, kwenye dirisha la jiko ambako Noreen, mke wa Lindsay, alikuwa akiuza pai za nyama.

"Mzee, samahani, hivi unapeperusha bendera au unaanika nguo?"

Watu wakacheka. Lindsay alimaliza kwanza kumwagia pai yake sosi.

"Natazama, kijana. Ndiyo kazi niliyopewa."

"Tazama, nani kakukataza? Ila sisi tukiwa upande wako, fanya chapuchapu. Wao wakiwa upande wako, anika nguo zako zote, mashuka na mablanketi."

"Huo ni wizi."

"Wizi gani, mzee wangu? Sheria imesema upeperushe. Haijasema kwa dakika ngapi."

Lindsay akaondoka na pai yake. Lakini neno lilishapandwa, na mji mzima ulilimwagilia. Posta walimuuliza kama mkono bado unamuuma. Kwa kinyozi walimwambia asinyolewe, atachelewesha foleni. Kilichomkata zaidi kilitoka mezani kwake. Rohan, mtu mzima wa miaka ishirini na saba ambaye kwa baba yake alikuwa akiongea habari za kondoo na mvua tu, aliweka uma chini.

"Baba, tunafungwa kwa sababu yako. Watu wanasema, mimi ndiye ninayesikia."

"Wakasemee kwangu."

"Hawatakuambia wewe. Wewe ni Lindsay Trewin. Mimi ni beki tu mwenye baba mgumu."

Noreen akaongeza mchuzi kwenye sahani ya mwanawe. "Bendera si Biblia, Lindsay. Mtoto hajawahi kukuomba kitu."

Kweli hakuwahi. Lindsay alilala na maneno hayo, na asubuhi akajipatia fatwa yake mwenyewe. Kuwachelewesha wageni ni dhambi, hatafanya. Kuharakisha si dhambi, atafanya. Wazo lilikuwa safi kama sahani iliyooshwa upande mmoja. Upande wa pili ni kwamba kwa wageni alibaki na mwendo wake wa zamani, kidole, hatua, baraka ya padri. Hakuwachelewesha, la hasha! Hakuwaharakisha tu.

Na ilifanya kazi, hilo halikataliki. Mpira ukipita pembeni, Rohan anao mkononi, bendera imeshashuka, mpira umeshaenda kulia ambako hakuna mtu. Tulishinda mechi ambazo tusingezishinda. Magari yaliyozunguka uwanja yalipiga honi, na Menzel akawa anamwita Lindsay "mchezaji wetu wa kumi na tisa", maana timu uwanjani ni watu kumi na wanane. Rohan alianza kupita kwa wazazi wake hata siku ambazo hakualikwa chakula. Alikaa barazani na baba yake, wakazungumza juu ya mpira wa kuanzisha, nani akimbie wapi, upepo wa kusini unafanya nini. Lindsay hakuwahi kuwa na furaha kama ile, na atakayemlaumu kwa furaha hiyo basi hana mtoto.

Ila mazoea yana taabu. Ili kuwa mwepesi, ilibidi ajue mapema kama mwanawe yuko tayari. Akajifunza kumtazama Rohan, amesimama wapi, mpira ameushika vipi, na mkono wa mzee ukajifunza kutangulia kwenye bendera. Mwamuzi wa goli ana kazi moja tu duniani, kuutazama mpira mpaka uvuke mstari. Macho ya Lindsay yalianza kuondoka kabla ya mpira kufika, kidogo tu, kiasi ambacho hata yeye hakukiona.

Fainali ilitukutanisha na Burrandook, nani mwingine. Robo ya mwisho tulikuwa tunalinda upande wa Lindsay, tuko mbele kwa pointi tatu, na dakika zinakaribia kuisha. Kijana mmoja wa Burrandook akaupata mpira mbele ya goli letu, akaupiga huku anaanguka. Ukaja juu, unayumbayumba, kati ya milingoti mirefu. Rohan akaruka kwenye mstari, mkono juu. Mpira ukapita.

"Nimeugusa!" Rohan akapiga kelele. "Nimeugusa, nimeugusa!"

Kila beki hupiga kelele hizo, hata akiwa chooni. Refa akamgeukia Lindsay. Na Lindsay, Mungu amsaidie, alikuwa hajaona. Wakati vidole vya mwanawe vilipokutana na mpira, au havikukutana nao, yeye alikuwa anatazama miguu ya Rohan itatua wapi, na mkono wake ulishashika bendera. Moja. Alijua anapaswa kumwita refa, aseme sikuona, wakae washauriane. Ni neno moja tu. Lakini mtu aliyeona kila kitu kwa miaka ishirini analisema vipi mbele ya miji miwili? Akainua kidole kimoja. Akapeperusha bendera moja, chapuchapu.

Kule mbali Ossie Noske akajibu kwa bendera moja.

Rohan alishaupiga, na Burrandook hawajajipanga, nusu yao bado wameshika vichwa. Mpira ulikwenda kulia, ukarudi katikati palipoachwa wazi, ukaishia goli la upande wa pili, na king'ora cha mwisho kikalia. Ulikuwa mpira wa kuanzisha mzuri kuliko wote tuliowahi kuupiga. Cha ajabu ni kwamba Burrandook hawakugomba. Wengine walianza, wazee wao wakawanyamazisha: "Ni Lindsay huyo. Lindsay kasema."

Ossie alitembea uwanja mzima na tumbo lake mpaka kwa mwenzake.

"Mpira uliguswa, bwana?"

"Uliguswa," Lindsay akasema, maana alikuwa amemsikia mwanawe, na mwanawe hakuwa mwongo.

"Basi yamekwisha." Ossie akampa mkono. "Mngetufunga hata hivyo, mbwa nyie."

Jumapili asubuhi baba na mwana walikwenda kuokota chupa nje ya klabu. Rohan alikuwa na medali shingoni bado, macho mekundu, furaha tele. Akaweka gunia chini, akamkumbatia baba yake. Watu wa huku hawakumbatiani, wanagongana mabega na kusema habari za mvua.

"Asante, baba. Nilijua utanibeba."

"Kukubeba kwa lipi?"

"Acha utani, mzee. Ile ya mwisho. Si unajua sikuugusa?"

Lindsay akamtazama. "Ulisema umeugusa."

"Si kila mtu anasema! Mpira ulipita hapa, kiganja kizima juu ya vidole, na wewe ulikuwa umesimama pale pale. Nikakuona umeinua kimoja, nikasema moyoni, mzee ananipenda kumbe." Akacheka, akafuta pua kwa mkono wa jezi. "Miaka yote hii nilidhani ungenihukumu hata kaburini."

Angeweza kumwambia. Angeweza kusema, mwanangu, sikukupendelea, sikuona. Lakini kijana alikuwa amesimama mbele yake na furaha ambayo hakuwahi kuionyesha nyumbani, na imejengwa juu ya uongo wote kuanzia msingi. Lindsay alimwonea uchungu, akajionea uchungu zaidi, na akaona hasira vilevile. Hiki ndicho mtoto wake alichokuwa akikitafuta kwake? Uaminifu wa maisha mazima ulimfanya baba mgumu, na wizi mmoja, tena ambao hakuukusudia, ukamfanya baba. Akainama akaokota chupa.

"Shika gunia vizuri," akasema.

Mwezi uliofuata miji miwili ilikutana katika ukumbi wa Burrandook kuunda klabu mpya. Kulikuwa na chai na keki, na chuki iliyofunikwa vizuri. Walibishana rangi za jezi, wakabishana jina, wakabishana uwanja, nusura meza zipinduliwe. Walipofika kwa mwamuzi wa goli wakakwama, maana klabu mbili zina wawili na klabu moja inamtaka mmoja. Ossie Noske akasimama.

"Mimi namtaja Lindsay Trewin. Nitawaambia kwa nini. Fainali imetuuma, na itatuuma mpaka tufe. Lakini ningekuwa mimi pale, mjukuu wangu akipiga kelele vile, sijui ningefanya nini. Huyu alisimama akatazama. Sisi tusioaminiana hata kwa keki, angalau tuanze na mtu mmoja tunayemwamini wote."

Watu wa Burrandook wakapiga makofi kwanza, wetu wakafuata. Menzel akapiga mluzi. Lindsay akasimama polepole kwa sababu ya goti.

"Nashukuru. Mpeni Ossie. Macho yangu yamechoka."

"Macho gani, bwana wee?" Ossie akasema, na ukumbi ukaanza kucheka kabla hajamaliza. "Yaliyoona ukucha wa Rohan?"

Kicheko kilikuwa kikubwa, cha kwanza ambacho miji ile ilicheka pamoja. Lindsay alibaki amesimama. Kukataa kulihitaji sababu, na sababu alikuwa nayo moja tu. Alimtazama Ossie, aliyepeperusha bendera yake bila kuuliza. Alimtafuta mkewe, akamkuta ameinamia birika. Mwenyekiti akauliza wanaokubali wanyooshe mikono. Wa kwanza kuunyoosha, juu kabisa, vidole vyote vimetandazwa, alikuwa Rohan.