Majani ya Farasi

Harufu ya majani mabichi yaliyokatwa bado inanitia aibu. Wenzangu wakiisikia hukumbuka masika ya kwao. Mie nakumbuka kanisa letu la Kiwalani, bati likialika kwa jua, na Mwalimu Onesmo wa kwaya akigonga benchi kwa fimbo. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, na shule ikaishia hapo. Kilichobaki changu kilikuwa sauti. Masista walituachia kaseti ya opera, wanawake wa Ulaya wanaoimba juu kabisa huku sauti ikitetemeka kama maji ya sufuria yanayotaka kuchemka. Niliisikiliza mpaka nikaweza. Siku nilipoijaribu mazoezini kwaya nzima iligeuka kunitazama, na Mwalimu akanipa kipande cha kuimba peke yangu siku ya Pasaka, mbele ya askofu.

Lakini sie ni Wangoni, na Mwalimu Onesmo alikuwa Mhehe. Anayeujua utani wetu anaelewa: mtani hukutukana hadharani, nawe huruhusiwi kununa. "Jamani, farasi wa polisi katoroka kambini, sikieni anavyolia!" alisema nilipomaliza. Tangu hapo nikawa Farasi. Nikichelewa, alisema nilikuwa napigiliwa kwato. Nikipanda noti ya juu, aliwaambia wenzangu wa sauti ya kwanza wanishike hatamu, nisije nikaruka uzio nikawaangukia besi. Nikikohoa: "Opera imekwama, mleteeni pumba!" Watu walicheka wakashika mbavu, na kusema kweli mengine yalichekesha. Nikamlalamikia mama, naye akacheka.

"Si mtani wako huyo? Mrudishie."

Binti mdogo amrudishie nini mtu mzima anayemwamkia shikamoo?

Pasaka ikafika. Nilivaa joho jeupe, nikasogea mbele. Zamu yangu ilipowadia, Mwalimu aliinama nyuma ya benchi, akainuka na fungu la majani mabichi, akaliweka miguuni pangu kwa heshima zote, kama mtu anayelisha mnyama wa mfalme. Askofu alicheka. Mama alicheka. Nikafungua kinywa, ikatoka hewa tupu. Mpiga kinanda alirudia utangulizi akinisubiri, kisha wakaendelea bila mie. Joho nililivulia nje, nyuma ya choo, na sijaimba tena, hata kumbembeleza mwanangu.

Juzi Mwalimu Onesmo kafia Bunju. Nilikwenda, maana msibani mtani ana kazi yake: kumwigiza marehemu, kumtania, kuwapa wafiwa kicheko katikati ya kilio. Nilibeba majani ndani ya kanga. Nilitaka nimwaibishe mbele ya watu wake, naye asiweze kununa. Nikayamwaga juu ya jeneza, nikapaza sauti, "Kula, Mwalimu! Ukishiba uimbe, leo zamu yako!"

Msiba mzima ukaangua kicheko. Mjane wake, macho mekundu, akanikumbatia.

"Kumbe ndiye wewe Farasi! Alikuwaga anakutaja, anacheka peke yake. Asante, mtani wangu. Mbona hukuja siku zote hizo?"

Akanisogezea kiti cha mbele, nikaletewa chai kabla ya wazee. Mkuki kwa nguruwe mtamu, wahenga walisema, lakini ule wangu niliounoa miaka yote haukumchoma hata mmoja. Nilikunywa chai ile nikiangalia chini.

Siku hizi mabinti wa kwaya wanajifunzia opera kwenye simu, nao wanashangiliwa. Mmoja aliimba pale kaburini, sauti ikitetemeka juu ya vichwa vyetu. Alipomaliza, watu walinigeukia wakitabasamu, wakingoja mtani atie neno. Neno nilikuwa nalo, la kwato na hatamu, limekaa tayari ulimini. Yule binti naye alikuwa ananitazama, mguu mmoja keshaurudisha nyuma. Nikainama, nikajifanya natoa majani yaliyonasa kwenye kanga yangu.