Kitenge Kisichofuliwa

Mwezi uliopita nilishuka Kasese nikaenda moja kwa moja kuutazama ule mstari wa vyumba vya kupanga nilikokulia. Haupo. Pamejengwa maduka, na kilichobaki ni nguzo moja ya kamba ya nguo, imeinama, mtu ameifungia mbuzi. Nilisimama juani nikacheka peke yangu. Kwenye kamba ile, rafiki yangu, kuna kitenge kilichoanikwa siku moja tu, na siku hiyo nusura tumpoteze mdogo wangu.

Mama alikuwa askari wa geti kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, pembeni ya mji. Mwanamke peke yake kati ya wanaume, buti nyeusi, mkanda unaong'aa. Zamu zake hazikuwa na mpango. Simu ililia, sauti ikasema, "Afande, ingia," naye akaingia, iwe alfajiri, iwe mchana wa jua la kupasua kichwa. Baba alikuwa amevuka kwenda Kongo kutafuta kazi, na habari zake zilikuja kwa nadra.

Mdogo wangu ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea. Basi mstari mzima ulimgawana. Asubuhi alikaa kwa mama wa chapati, akilamba unga vidoleni. Mchana alikuwa kwa fundi cherehani, aliyemfunga utepe kiunoni asifike barabarani. Mimi nikitoka shule nilimchukua, nikamlisha bundu laini, ugali wetu wa muhogo, na sombe ya majani yake. Kila alipokwenda, kitenge kimoja cha kijani chenye picha za ndege kilikwenda naye. Mama alilala amejifunga hicho. Mtoto akianza kununa, unamfunga nacho mgongoni, ananusa, anasinzia. Mgongo ulibadilika, harufu haikubadilika. Sheria ilikuwa hiyo tu, na hata sisi watoto tuliijua: hakuna kukifua. Kilinuka jasho na moshi na maziwa, nasi tulikiheshimu kama bendera.

Bibi hakuupenda mpango huo. Aliishi Bwera, karibu na mpaka, na kila alipokuja na mkungu wake wa ndizi alimwambia mama, "Unachunga geti ya watu. Nani iko anachunga mutoto yako?"

Mama alipiga magoti kumwamkia, akamwekea chai. Bibi akaapa kwamba siku atakayomkuta mtoto akilia bila mama yake, yeye na mtoto watapanda gari la Bwera. Nilijua maana yake. Binamu zangu walikwenda kwa bibi "kwa muda kidogo" na wakakulia huko, wakimwita yeye mama.

Halafu akahamia jirani mpya, mke wa fundi wa saruji, Mkenya kijana mwenye moyo safi. Asubuhi moja, mama akiwa ametoka zamu ya usiku na kuitwa tena kabla hajapumzika, jirani huyo alijitolea kukaa na mtoto. Niliporudi kutoka shule kula chakula cha mchana nilisikia kilio kutoka barabarani. Kitenge kilikuwa kwenye kamba, kinadondosha maji, kinanukia sabuni.

"Niliona haya kumrudishia mwenzangu nguo yenye jasho," jirani alisema, naye machozi yanamtoka. "Kwetu ukiazima nguo, unairudisha safi."

Mtoto alikuwa amelia mpaka sauti imekauka. Chapati alitupa, mgongo wa fundi cherehani aliupiga mateke. Na pale kivulini, mkungu wa ndizi miguuni, alikuwa amekaa bibi. Hakugomba. Alikuwa anakunja vinguo vya mtoto.

Nilikimbia mpaka kiwandani.

"Simama hapo," mama alisema kwa sauti ya kazi. "Ana homa?"

"Hapana."

"Ameanguka?"

"Kitenge kimefuliwa. Na bibi amekuja."

Mama alitazama geti, akanitazama mimi. Kuliacha geti ni kuiacha kazi. Akaingia kibandani, akatoka na sweta aliyoivaa usiku kucha. Mkubwa wake akauliza, "Hiyo ni nini, afande?"

"Dawa, afande," akajibu, akanipa. "Kimbia."

Bibi alikuwa tayari amesimama, mtoto begani, anatafuta boda. Nilimfunika mdogo wangu ile sweta. Alishtuka, akazika pua ndani yake, akashusha pumzi ndefu iliyokatika katikati. Akalala. Bibi akainama, naye akanusa. Akatoa uzi wa pamba ulioganda kwenye kola, akautazama kwa muda.

"Hii iko harufu ya binti yangu," alisema. "Alikuwa hivi hivi mugongoni kwangu."

Akaketi tena. Mama aliporudi jioni alikuta bundu imeshapikwa. "Zamu yangu iko lini?" bibi akamuuliza.

Mstari ule haupo tena, na mama wa chapati na fundi sijui wako wapi. Siku hizi naona watu wakitafuta yaya kwa simu. Lakini mdogo wangu alikua, ananipita urefu. Mwaka huu ameanza shule ya bweni. Husema hakumbuki lolote, na mama alimnunulia shuka mpya. Siku moja kabla ya safari nilimwona akizikunjua, akazifikiria, kisha akampelekea mama moja.

"Lala nayo leo," alimwambia.

Mama aliipokea kwa mikono miwili.