Makofi ya Shangazi

Nilijifunzia u-DJ chumbani kwangu Tunduma, maana mimi hata dukani huenda kwa kusukumwa. Jirani aliposikia skrachi zangu za mwanzo aliuliza nani anakwangua ukoko. Kosa lilikuwa sauti niliyochagua, honi ya lori. Honi huanza taratibu, na ukiivuta mbele na nyuma kupiga skrachi, inalia kama ng'ombe mgonjwa. Skrachi inataka sauti fupi, inayoanza ghafla.

Siku moja shangazi alikuja kutoka Ndalambo. Akapiga magoti, akamsalimia baba, kaka yake, kwa makofi ya viganja vilivyokunjwa. Pwa! Pwa! Nikajua nimeipata. Nikamsogezea simu, apige tena nirekodi.

“Niisalimie simu? Kwani hiyo ni mkwe wangu?” akacheka. “Njoo kwangu, baba, nikusalimie wewe. Ila najua, wewe na kitanda chako mmeshaoana.”

Niliahidi kwenda. Mara mvua, mara uvivu.

Nilifika Ndalambo siku ya mazishi yake. Wanawake walinipokea kwa makofi yale yale, taratibu. Simu sikuitoa. Nilipiga magoti, nikaitikia kwa makofi yasiyolia vizuri. Mmoja akaniuliza kama ndiyo mara yangu ya kwanza kufika kwa shangazi.

Nikasema ndiyo.