Mlango wa Senje

Ncha za rasta zikichovywa kwenye maji moto hutoa harufu ya plastiki na mafuta ya nywele. Nikiipata harufu hiyo, hata kama napita tu kando ya saluni huko mjini, hujikuta nimerudi Kenyatta Market, chini ya kiti cha Mama, moshi wa nyama choma ukinichoma macho.

Mama alisuka akiongea. Wasichana wa watu walimwita anti, na anti hana mwiko. Nakumbuka mmoja aliyelalamika kwa sauti ndogo kwamba hedhi yake ni nzito. Mama akamgonga bega kwa kitana. "Wewe, aibu haizuii damu! Pedi ikijaa kila saa, usingoje mtu. Enda hosi, daktari akuone." Saluni nzima ikacheka, na msichana mwenyewe akacheka.

Nyumbani kwetu Kinoo, Mama alikuwa mtu mwingine. Dada yangu Nanzala, wa kidato cha pili, alikuwa akifua shuka zake kabla hatujaamka. Jioni moja alimfuata Mama jikoni.

"Mama, yangu haikatiki."

Mama hakugeuka, alizidi kusonga ugali. "Hayo ni ya senje wako."

Senje ni dada wa baba. Kwetu Waluhya ndiye humfunza msichana mambo ya mwili. Mama akiyatamka kwa bintiye, ni kama amevua nguo mbele yake.

"Basi mpigie."

"Hayo si maneno ya simu. Atakuja Disemba."

Disemba! Niwaambie ukweli, neno hilo bado linanipandisha damu kichwani. Midomo ya Nanzala iliendelea kupauka. Akipanda ngazi alikuwa anaketi njiani kupumzika, nami nikimtania, "Pole, nyanya." Asubuhi moja alianguka kwenye gwaride la shule. Hospitalini walisema damu ilikuwa imemwishia, na kabla hawajamwongeza nyingine, akaenda.

Senje tulimkuta Kakamega, tulipompeleka Nanzala kuzikwa. Alijitupa chini akilia, "Si mngeniita tu?"

Nilimchukia kwa kutokuja. Utoto. Baadaye sana ndipo nikaelewa kwamba huko nyumbani Kakamega msichana huruka ua tu, tayari yuko kwa senje. Mwiko ulikuwa na mlango wake. Wazazi wangu walihamia Nairobi na mwiko, mlango wakauacha nyuma. Na hasira haijaniisha, kwa sababu saluni ile ilijaa wanawake wa kwetu. Yeyote kati yao angefanywa senje, hata kwa jioni moja.

Majuzi binti yangu alianza hedhi. Nilimketisha mezani nikamweleza yote, ipi ni ya kawaida na ipi ya kukimbilia hospitali, bila kupunguza sauti. Mama, aliyekuwa ametutembelea, aliinuka akatoka. Nilimfuata nje, mdomo umejaa maneno makali.

Nilimkuta ameshikilia reli ya ngazi kwa mikono miwili.

"Ni hayo tu?" akaniuliza. "Yalikuwa hayo tu?"