Mashine Iliyoipokea Kaseti ya Mzee

Fundi wa magemu ya mkononi karibu na mpaka hapa Tunduma hasemi kitu kimekufa, husema kimelala. Kaseti ya gemu haipulizi kwa mdomo, huisugua meno yake ya shaba kwa ufutio wa shule, taratibu, kama anayemfuta mtoto pua. Nilimpeleka mume wangu kwake, maana tangu apooze, kidole gumba chake huamka kwa gemu moja tu la zamani la magari, na mashine ya kulichezea ilikuwa imezima. Nilikuwa nimenunua mpya mjini Mlowo, ikaikataa kaseti.

“Mama Atupele, chukua hii ya katikati, si ya kale sana wala mpya sana,” fundi akasema, akinionyesha tundu la pili kwa chini. “Walioitengeneza walipoweka ubongo mpya, ule wa zamani hawakuufukuza. Wanakaa wote humo.” Akaichomeka kaseti, akamwekea mzee mashine mkononi, kisha akazima redio yake, ambayo haizimwi hata mvua ikipiga bati, ili mzee asikie muziki wa gemu. Kidole kikatikisika, kigari kikaenda, kikagonga ukuta.

“Mzee, leseni alikupa nani? Rudia!” fundi akamtania.

Mume wangu akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Nikasema, asante Yesu. Na redio ile fundi hakuiwasha mpaka mzee alipochoka mwenyewe.